Grini Mbili kwa Kila Shimo: Kisa cha Kasumigaseki

Tarehe 5 Novemba 2017, Waziri Mkuu wa Japani, Shinzo Abe, alikuwa uwanjani akicheza gofu na mgeni wake Donald Trump, na Hideki Matsuyama, mchezaji bora wa nchi, ameitwa awasindikize. Mpira wa Abe ukaingia kwenye banka, lile shimo la mchanga lililo kando ya grini, yaani kile kiwanja kidogo cha nyasi fupi sana chenye kitundu na bendera. Akautoa. Wenzake walikuwa wameshaanza kuondoka, basi akaukimbilia ukuta wa banka ili awawahi. Alipofika juu mguu ukakosa pa kukanyaga, akarudi chini chali na kubiringika. Kamera ya runinga iliyokuwa juu ilinasa yote. Trump hata hakugeuka.

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Nilipoirudia ile video mara ya tatu nikawa namtazama Abe kidogo na ukuta zaidi. Mtu mzima anasimama ndani ya banka na ukuta umempita kiuno, nyasi za juu zimejitokeza mbele kama ukingo wa paa la makuti. Huo si mteremko wa kupanda kwa mbio. Wajapani wana jina la mabanka ya namna hiyo: *Arison*. Ni jina la mtu, Charles Hugh Alison, Mwingereza aliyepita hapo miaka 87 kabla ya Abe kuanguka, likapindwa kidogo na ulimi wa wenyeji.

Uwanja huo ni Kasumigaseki Country Club. Nimeuchagua kwa sababu ndani ya miaka miwili hivi, 2016 na 2017, uliondolewa vitu viwili vilivyokuwa vimeufanya uwe ulivyo: grini ya pili kwenye kila shimo (kwa lugha ya gofu, shimo ni kipande kizima cha uwanja, tangu pa kuanzia kupiga hadi kwenye bendera), na kanuni iliyowazuia wanawake kuwa wanachama kamili. Vyote viwili viliitwa desturi ya klabu. Kimoja kilikuwa na sababu nzuri sana.

Mahali penyewe

Ukimtajia Mjapani jina Kasumigaseki, atawaza wizara. Ndiyo mtaa wa ofisi za serikali katikati ya Tokyo. Uwanja wa gofu hauko huko. Uko Kawagoe, mkoa wa Saitama, kaskazini-magharibi ya jiji, na jina lake limetokana na kijiji kilichokuwa kikiitwa hivyo kabla hakijamezwa na mji wa Kawagoe.

Klabu ilianzishwa mwaka 1929. Kwa Kijapani inajiita *Kasumigaseki Kantsurii Kurabu*. Hiyo *kantsurii* ni matamshi ya kizamani ya neno la Kiingereza, na klabu kongwe hazikubali kulirekebisha, maana ukongwe wenyewe ndio fahari. *Kurabu* nayo wameiandika kwa herufi tatu za Kichina zenye maana ya "pamoja", "raha" na "idara". Neno limekopwa kwa sauti, kisha likavishwa maana. Sisi tuliochukua neno la barabarani tukapata kiplefti, halafu tukalipa wingi wake, viplefti, hatuna la kuwacheka.

Gofu yenyewe haikuwa ngeni sana wakati huo. Mfanyabiashara Mwingereza, Arthur Groom, alichonga mashimo manne kwenye mlima Rokko, juu ya mji wa Kobe, mwaka 1901, na klabu ya kwanza ya nchi ikafuata pale pale mwaka 1903. Grini zake za mwanzo zilikuwa za mchanga ulioshindiliwa. Wachezaji wa zamani wa bara huku kwetu wanazijua grini za aina hiyo, zile "brauni" za mchanga uliochanganywa na mafuta, ambapo unaburuta ubao kusawazisha njia kabla ya kusukuma mpira. Tabu ilikuwa ile ile: nyasi nzuri ya grini haitaki kuota mahali unapoitaka.

Ardhi ya Kasumigaseki ni tambarare. Ni sehemu ya uwanda mkubwa wa Kanto, udongo wake mwekundu-kahawia umetokana na majivu ya volkano, na juu yake pamesimama misonobari ya mashina mekundu. Hakuna bahari, hakuna vilima vya mchanga, hakuna korongo la kukutisha. Mchoraji wa uwanja anapofika sehemu kama hiyo hana cha kuokota, na kila chenye sura lazima akitengeneze mwenyewe. Kinya Fujita, mmoja wa waanzilishi, ndiye aliyechora Uwanja wa Mashariki. Alitumia miti kutenganisha njia na akaziacha zipindepinde kidogo, ikawa kazi ya heshima. Mwaka mmoja baadaye akaja mgeni.

Mgeni njoo

Alison alikuwa mshirika wa Harry Colt, mmoja wa wachoraji wakubwa wa viwanja wa Uingereza. Aliwasili Japani Desemba 1930 kuichorea klabu ya Tokyo uwanja mpya huko Asaka, akabaki miezi michache tu. Katika miezi hiyo aliacha alama kuliko waliokaa miaka arobaini. Hirono, karibu na Kobe, uliofunguliwa mwaka 1932, ni wake. Uwanja wa Fuji huko Kawana, juu ya miamba ya bahari, uliofunguliwa mwaka 1936, ni wake pia. Baada ya safari hiyo hakurudi kuikagua kazi. Alifariki Johannesburg mwaka 1952.

Kasumigaseki walimwomba ushauri tu, kama unavyomwomba daktari mgeni aliyekuja kwa jirani apitie na kwako. Alitembea uwanja mpya wa Fujita, akapendekeza mabadiliko. Kiini cha ushauri wake naweza kukifupisha hivi: kama huna mlima, chimba. Banka likae karibu kabisa na grini, liwe na kina cha kumficha mtu nusu, na ukuta wake usimame. Mchezaji akiwa mbali alione na moyo umwende mbio kabla hajainua fimbo. Shimo la 10, la mikwaju mitatu, yaani mchezaji mzuri anatarajiwa kulimaliza kwa mipigo mitatu, ndilo linalotajwa zaidi: unapiga juu ya bwawa, na ng'ambo banka linakungojea likiwa limefunua mdomo.

Wenyeji wangeweza kukasirika. Uwanja una mwaka mmoja, mchoraji wake ni mwanachama, na Mwingereza aliyefika nchini juzi tu anasema chimba hapa na hapa. Walichimba. Kijana mmoja aliyevutiwa na kazi ya Alison, Seiichi Inoue, ndiye aliyechora Uwanja wa Magharibi wa klabu hiyo hiyo, uliofunguliwa mwaka 1932, akaendelea hadi kuwa mchoraji mashuhuri kuliko wote katika historia ya Japani. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nalisimulia hili kwa sababu litatusaidia mbele, wazee wa gofu watakapolalamika kwamba Wamarekani wameharibu kazi ya asili. Kazi ya asili yenyewe ilishapitiwa na mkono wa mgeni kabla rangi haijakauka.

Nyasi mbili, majira mawili

Hapa ndipo pa kukaa kitako, kwa maana hapa ndipo tabia ya viwanja vya Japani ilipotoka, na watazamaji wengi wa nje huliona jambo hili kama kioja tu.

Kanto ina majira ya joto mabaya. Julai na Agosti joto hufika nyuzi 35, na unyevu wake ni wa Tanga ukingoja mvua. Usiku haupoi. Kisha Januari hiyo hiyo ardhi inaganda alfajiri. Tafuta nyasi moja itakayofurahia yote mawili. Mwaka 1930 haikuwapo.

Kulikuwa na *korai*, nyasi ya Asia ya mashariki iliyopewa jina la ufalme wa zamani wa Korea. Korai hupenda joto. Jani lake ni gumu kama brashi ya kufulia. Kwenye feawei, ile njia ya nyasi fupi inayoelekea grini, ugumu huo ni neema, mpira unakaa juu ya ncha za majani kana kwamba umewekewa kigingi. Kwenye grini ni mtihani. Majani yanalala upande mmoja, na mpira wako ukienda kinyume nayo unakokotwa. Ukienda pamoja nayo unateleza na kupitiliza. Halafu baridi ikiingia korai inalala usingizi, inageuka rangi ya ngano na haiponi majeraha hadi masika.

Na kulikuwa na *benti*, nyasi laini ya nchi za baridi, iliyozoea hewa ya Ulaya. Desemba inabaki kijani na mpira unateleza juu yake kama juu ya zulia la msikitini. Lakini ipeleke kwenye Agosti ya Saitama: mizizi inafupika, kuvu inaingia, na wiki mbili za joto la usiku zinatosha kuacha mabaka matupu.

Jibu la Wajapani lilikuwa la mkulima, wala si la mchoraji. Panda zote mbili, kila moja mahali pake. Kila shimo likawekewa grini mbili, moja kushoto na moja kulia, hatua chache kati yao. Miezi ya joto mnacheza kwenye korai, miezi ya baridi kwenye benti, na ile isiyochezwa inapumzishwa. Ukifika asubuhi kwenye tii, pale pa kuanzia kupiga, unaambiwa ya leo ni ipi. Kadi ya mabao ina urefu mara mbili kwa kila shimo. Mpira wako ukiangukia grini isiyo ya siku hiyo, ni mwiko kuupigia hapo. Sheria inakutaka uutoe nje ya grini ndipo uendelee.

Sasa tazama lilivyoubadilisha mchezo. Chukua shimo la mikwaju minne, banka moja kubwa kushoto mwa grini ya kushoto. Leo bendera iko kulia. Banka lile limegeuka pambo. Kesho bendera iko kushoto, na upande wa feawei uliokuwa mzuri jana leo ndio mbaya. Mchoraji akijaribu kutunga swali kwa grini moja, analibomoa kwa grini nyingine. Kwa hiyo viwanja vingi vya grini mbili vikaishia kumwambia mchezaji neno moja kwenye tii: piga katikati. Katikati ndipo grini zote mbili zinapolingana. Grini zenyewe zikawa ndogo, kwa kuwa nafasi ya moja imegawiwa mbili, na Japani ikalea kizazi cha wachezaji wenye vyuma vilivyonyooka na mkono mwepesi wa kusukuma, lakini waliokuwa wakiulizwa maswali machache wakiwa mbali.

Kama mchoro, grini mbili ni mapatano ya shingo upande. Kama kilimo, ni akili tupu. Klabu za nchi nzima zilichukua mtindo huo, na baada ya miaka thelathini hakuna aliyekumbuka kwamba ulikuwa dawa ya ugonjwa. Ukawa ndiyo sura ya gofu ya Kijapani.

Nitatoka njiani kidogo. Nyasi inayotawala gofu ya nchi za joto duniani kote ni ndugu yetu wa damu: ukoka, ule ule unaoota kando ya njia za miguu na kumsumbua mwenye shamba. Na nyasi ya Kikuyu, iliyotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki, imejaa kwenye feawei za California. Kasumigaseki haikuhitaji yoyote kati ya hizo, walikuwa na yao. Ila kila nikisikia gofu inaitwa mchezo wa nyasi za Kizungu, huwa natabasamu.

Oktoba 1957

Kombe la Kanada la mwaka 1957, mashindano ya timu za wachezaji wawili wawili kutoka mataifa mbalimbali, lilichezwa Uwanja wa Mashariki. Wamarekani walileta Sam Snead na Jimmy Demaret. Japani iliweka Torakichi Nakamura na Koichi Ono. Nakamura alishinda ubingwa wa mtu mmoja mmoja kwa mikwaju 274, saba mbele ya aliyemfuata, na timu ikawaacha Wamarekani kwa tisa: 557 kwa 566. Ilikuwa miaka 12 tu tangu vita kuisha.

Runinga ilionyesha. Nchi ikaingiwa na wazimu wa gofu, na viwanja vikaongezeka hadi kupita 2,000. Nakamura na Ono walikuwa wamezizoea grini za aina hii. Kwa wageni zilikuwa ngeni. Siwapunguzii ushindi. Kila bingwa wa nyumbani anaijua nyumba yake.

Siku moja ndani ya klabu

Uwanja ni nusu tu ya klabu ya Kijapani. Mgeni anafika na koti, hata kama ni asubuhi ya joto, akiwa na mkoba mdogo wa nguo za kubadilisha. Anacheza mashimo 9. Kisha mchezo unasimama na watu wanaingia ndani kula, wamekaa, sahani za udongo, na bia kwa anayetaka. Baada ya kama saa moja wanarudi kumalizia 9 zilizobaki. Kwa mchezaji wa Scotland hii ni kufuru. Kwa klabu ni hesabu: makundi ya asubuhi yanaanzia shimo la 1 na la 10 kwa wakati mmoja, yanapishana mezani, kisha yanabadilishana pande. Katikati ya njia kuna vibanda vya chai. Mbeba begi kwa kawaida ni mwanamke mwenye kofia pana iliyofunika shingo, anayehudumia wachezaji wanne peke yake na anayejua kila grini inaelekea wapi. Mwisho kuna bafu la pamoja, maji ya moto hadi shingoni. Wengi watakuambia wazi kwamba wanakuja kwa ajili ya bafu.

Kuna pia ule uzito wa adabu. Matsuyama aliposhinda Masters Aprili 2021, Mjapani wa kwanza mwanamume kutwaa taji kubwa la gofu, mbeba begi wake alirudisha mti wa bendera kwenye shimo la 18, akageukia feawei tupu, akavua kofia na kuinama. Aliuinamia uwanja. Kwa waliokulia kwenye klabu za aina ya Kasumigaseki haikuwa ajabu.

Matsuyama mwenyewe ana deni na klabu hii. Mwaka 2010, akiwa mwanafunzi wa chuo, alishinda ubingwa wa Asia wa wachezaji wa ridhaa kwenye Uwanja wa Magharibi, ule wa Inoue, na ushindi huo ndio uliompa mwaliko wake wa kwanza wa Masters.

Michezo inakuja

Tokyo ilipewa Olimpiki mwaka 2013, na gofu ilipangiwa Uwanja wa Mashariki wa Kasumigaseki. Klabu ikawa na miaka michache ya kujiandaa, na swali la kwanza likawa grini. Huwezi kufanya mashindano ya dunia kwenye kiwanja ambacho nusu ya eneo la kulenga ni mwiko.

Kumbuka sababu ya grini mbili ilikuwa ugonjwa wa benti wakati wa joto. Ugonjwa huo ulikuwa umepata nafuu. Kuanzia miaka ya 1990 mbegu mpya za benti zilizozalishwa Marekani zilianza kustahimili joto kuliko zile za babu zao, na wafanyakazi wa uwanja wakapata maarifa bora ya kumwagilia na kupitisha maji chini ya grini. Klabu kadhaa za Japani zilikuwa zimeshabaki na grini moja. Klabu ikamwita Tom Fazio wa Marekani na mwanawe Logan. Grini mbili za kila shimo zikaondolewa, moja kubwa yenye mawimbi ikachukua nafasi. Mabanka yakachongwa upya na kuzamishwa, tii zikarudishwa nyuma. Kazi ilikamilika mwaka 2016, na kufikia Michezo yenyewe uwanja ulikuwa yadi 7,447 kwa wanaume, na kiwango, yaani mikwaju anayotarajiwa mchezaji mzuri kumaliza nayo, kilikuwa 71.

Malalamiko yalikuwapo na yana uzito. Ukiangalia picha za sasa, grini zile na miteremko yake laini zinaweza kuwa Florida. Ule ubahili wa Fujita, grini ndogo iliyojibana kati ya misonobari, umekwenda. Mimi nakubali nusu. Ladha ya mahali imepungua, hilo ni kweli. Lakini anayesema grini mbili zilikuwa roho ya uwanja anachanganya magongo na miguu. Na kwa mara ya kwanza banka la Arison lilipata kazi ya kudumu, kwa sababu sasa kuna grini moja ya kulinda, kila siku, majira yote. Alison angefurahi, nadhani, ingawa asingekiri mbele ya Mmarekani.

Swali la pili hawakulitafuta wenyewe. Mwanzoni mwa 2017 gavana wa Tokyo, Yuriko Koike, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho, alisema hadharani kwamba haoni sawa wanawake kunyimwa uanachama kamili kwenye uwanja wa Olimpiki katika karne ya 21. Wanawake walikuwa wakicheza pale, lakini si kama wanachama kamili, na Jumapili ilikuwa imefungwa kwao. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikasema ubaguzi haukubaliki, na kama klabu haibadiliki basi mashindano yatapelekwa kwingine. Wasomaji wanaozijua klabu kongwe za Kenya, zilizokuwa na baa za wanaume peke yao, hawahitaji kuchorewa picha ya vikao vilivyofuata. Kwingine kulikuwapo: Wakasu, uwanja wa umma ulio kando ya Ghuba ya Tokyo, tayari ulikuwa na watetezi wake.

Machi 2017 bodi ilikutana na kubadili kanuni kwa kauli moja.

Tazama tofauti. Kuondoa grini ya pili kulihitaji maabara za mbegu, miongo ya majaribio, fedha nyingi na mwaka mzima wa matingatinga. Kuondoa kanuni ya wanaume kulihitaji kikao. Grini ya pili ilikuwa na Agosti ya kujitetea nayo. Kanuni haikuwa na msimu wowote. Na hata hivyo ilichukua shinikizo la gavana, kamati ya dunia na tishio la kunyang'anywa mashindano. Wale waliosema klabu ilionewa, kwamba ni watu binafsi na wana haki ya kuchagua wenzao, walikuwa na hoja hadi siku klabu ilipokubali kuwa mwenyeji wa dunia nzima. Ukishatandika jamvi la hadhara huwezi kuchagua wa kukaa.

Kilichotokea uwanjani

Michezo ilisogezwa hadi 2021 kwa ajili ya korona, na ikafanyika bila watazamaji. Huku kwetu ilikuwa alfajiri na asubuhi, tuko nyuma ya Tokyo kwa saa sita, na mimi niliitazama na chai ya rangi mkononi. Misonobari, feawei za kijani kali, na kimya. Nakamura alishangiliwa mwaka 1957. Hawa walipigiwa makofi na wafanyakazi wa kujitolea.

Joto lilikuwa lile lile lililozaa grini mbili. Siku ya kwanza ya wanawake mbeba begi wa mchezaji mmoja wa Marekani alizidiwa na joto, ikabidi mtu mwingine amalizie kazi. Benti mpya haikuzidiwa.

Kama ulinzi, uwanja haukuwatisha sana wanaume. Mvua na radi za mwanzo wa mashindano zililainisha grini, na mpira uliotua ulitulia. Xander Schauffele wa Marekani, ambaye mama yake alikulia Japani, alishinda kwa mikwaju 18 chini ya kiwango. Rory Sabbatini, aliyechezea Slovakia, alipiga 61 siku ya mwisho na kuchukua medali ya fedha. Shaba iligombewa na watu saba, Matsuyama mmoja wao, na C.T. Pan wa Taiwan akaondoka nayo. Wabobezi wa leo wanatoka ndani ya banka lenye kina kama wewe unavyotoka kwenye daladala. Urefu na kina peke yake havitoshi tena kuwazuia. Zilihitajika grini ngumu, na hali ya hewa ilikataa.

Kwa wanawake hadithi ilikuwa nyingine, na kwangu ndiyo iliyokuwa bora. Mone Inami, msichana wa Tokyo mwenye umri wa miaka 22, alifika shimo la 18 Jumamosi ya tarehe 7 Agosti akiwa sawa na Nelly Korda wa Marekani kileleni, 17 chini ya kiwango. Radi ilikuwa imeshasimamisha mchezo mara moja, anga lilikuwa zito. Mkwaju wake wa kwenda grini ulipungua kidogo. Mpira ukaingia kwenye ukuta wa banka la mbele na kujizika pale pale, chini ya ule ukingo wa nyasi. Akasimama mguu mmoja ndani, mwingine juu, akautoa alivyoweza, akapoteza mkwaju mmoja. Korda akachukua dhahabu.

Inami akarudishwa kwenye tii ya 18 kugombea fedha na Lydia Ko wa New Zealand. Safari hii Ko ndiye aliyetumbukia kwenye mchanga akiwa bado yuko mbali, akahitaji mikwaju mitano. Inami alipiga feawei, akapiga grini, akasukuma mara mbili, akavua kofia, akainama.